Dorne, Faile na pombe ya ndizi: tunagombania nini tunaposema hadithi imepoa

Aliyesoma vitabu na aliyetazama sizoni hawawezi kugombana sawasawa kuhusu Dorne, nchi ya kusini kwenye hadithi ya Game of Thrones, maana kila mmoja ana Dorne yake. Wa vitabu anamfikiria Arianne, binti wa mtawala, anayemtorosha msichana Myrcella ili amvike taji na kuwasha vita, na mdogo wake Quentyn, aliyevuka bahari kwenda kumposa malkia akaishia kuunguzwa na joka. Wa sizoni anawakumbuka wapiganaji wawili, Jaime na Bronn, wakishuka ufukweni kwa mashua, wakapigana kidogo bustanini na mabinti watatu, mmoja ana mkuki, mmoja mjeledi, mmoja visu, kisha wakakamatwa wote na mambo yakaishia hapo. Arianne hayumo kwenye sizoni. Quentyn naye hayumo.

Mwanza tuna kundi la tatu, la waliotazama ile iliyotafsiriwa, yenye sauti ya DJ juu yake. Hawa Dorne yao ni ndogo zaidi. Wahusika wakikaa chini kuzungumza kwa muda mrefu, DJ anawafupishia: "Hapa wanapanga mipango, twende kazini." Sasa wakutanishe hao watatu jioni moja Nyegezi, jirani na vyuo, uwaulize kama kisa cha Dorne kilikuwa na maana. Mtakesha.

Nazungumzia mfululizo wa George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, ulioanza mwaka 1996, na tamthilia ya HBO iliyotokana nao, Game of Thrones, iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2019, sizoni nane, episodi 73. Nitaugusa pia The Wheel of Time wa Robert Jordan, vitabu 14. Ambaye hajafika mbali huko aache kusoma sasa hivi, kwa sababu nitataja nani alikufa na nani alitekwa.

Malalamiko ya mashabiki wa hadithi hizi ndefu yanafanana popote: inaboa, imepoa, mwandishi anazunguka mbuyu. Ukiyasikiliza vizuri utagundua yanabeba mashtaka mawili, na mabishano hayaishi kwa sababu mmoja anajibu shtaka ambalo mwenzake hakulileta. Shtaka moja linahusu kisa cha pembeni chenyewe: ukikiondoa, je, kuna kitu chochote kitakachoharibika kwenye msuko mkuu? Jingine linahusu mwendo: swali liliulizwa lini, jibu limekuja lini, na hapo katikati msomaji amelishwa nini? Kisa kinaweza kuwa imara na bado kikaenda vibaya. Kinaweza pia kuwa kifupi, chenye mbio, na kikawa dhaifu vilevile. Dorne ya HBO ni ya namna hiyo. Mwaka 2015, kwenye sizoni ya tano, ilichukua dakika chache tu katika kila episodi ilipotokea, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema iliburuzwa. Ila Jaime alikwenda kumchukua binti yake, yuleyule Myrcella, binti akafa kwa sumu melini wakati wa kurudi, na sizoni ya sita ilipoanza mtawala wa Dorne akachomwa kisu kwenye kiti chake. Watu wote tuliokuwa tumetambulishwa kwao kule wakapungua haraka kuliko tulivyowazoea.

Tuanze na Quentyn, maana ndiye anayegombanisha watu zaidi. Anaingia kwenye kitabu cha tano, A Dance with Dragons, cha mwaka 2011. Anapewa sura nne. Ni kijana mpole, hana sura ya kumvutia mtu, anasafiri kwa shida, marafiki zake wanakufa njiani, na anapofika mji wa Meereen malkia Daenerys ameshachumbiwa na mtu mwingine. Akaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu. Akashuka shimoni usiku kujaribu kumfuga joka. Siku ya tatu akafa kwa majeraha ya moto.

Wanaomkataa wanasema: msafara mzima umekwenda kuishia kwenye kifo cha mtu ambaye hatukuwa tunamjua. Wanaomtetea wanahesabu yaliyofuata. Majoka wawili waliokuwa wamefungwa sasa wako huru juu ya mji. Mpango wa baba yake, aliousubiri kwa miaka, umekufa pamoja naye. Na Dorne sasa ina sababu ya kutafuta mshirika mwingine. Kwa shtaka la kwanza, basi, Quentyn anashinda kesi: mtoe, na mambo matatu makubwa yanabaki bila sababu. Mimi ninachomlaumu Martin ni kuchelewa. Kijana huyu angetajwa vizuri kwenye kitabu cha pili au cha tatu, tukamwona mara moja tu nyumbani kwao, sura nne zingetosha kutuumiza. Mtu hawezi kumlilia marehemu aliyemfahamu juzi.

Kisa cha Brienne, mwanamke mpiganaji, ni kesi ya aina nyingine. Katika A Feast for Crows, cha 2005, anazunguka nchi iliyochomwa na vita akimtafuta msichana aliyepotea, Sansa. Ugumu ni kwamba msomaji anajua Sansa yuko wapi. Yuko mlimani, Vale, kwa jina la bandia. Kila mlango Brienne anaogonga tunajua hayumo. Hapo swali limeshajibiwa kabla ya safari kuanza, na ndiyo maana wengi wanazipitia sura zake kwa kidole. Lakini humo ndimo alimo Septon Meribald, mhubiri anayetembea peku na mbwa wake, anayeeleza jinsi mkulima anavyoitwa vitani, akaona ndugu zake wakifa, akaishia kuwa jambazi wa msituni. Kwa msuko, maneno yake hayasogezi chochote. Kwa kitabu kizima kinachohusu vita vya wakubwa, naona ni kurasa za lazima, na anayeziruka amesoma hadithi nyingine. Hili halipimwi kwa kuuliza "ukikitoa kitaharibika nini". Hapa kile kipimo changu cha kwanza kinafeli, na ni vizuri lijulikane.

Sasa mwendo. Mfano wake mkubwa uko kwa Jordan. Mwishoni mwa kitabu cha nane, cha mwaka 1998, Faile, mke wa Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, anatekwa na watu wa ukoo wa Shaido kwenye theluji. Anaokolewa kwenye kitabu cha 11, cha mwaka 2005. Miaka saba mtu anamtafuta mkewe. Na kisa si dhaifu hata kidogo. Kwa ajili ya Faile, Perrin anamkata mateka mkono ili aseme, kisha anaitupa shoka aliyokuwa anaiogopa tangu mwanzo wa hadithi. Ni pale anapojua atakuwa mtu wa namna gani. Kwa ajili ya Faile anaungana na Waseanchan, maadui, na muungano huo una uzito baadaye. Kwa shtaka la kwanza, kisa hiki kiko salama.

Kinachokiangusha ni sura nyingi za katikati ambamo Perrin anahuzunika, anakasirika, anatuma wapelelezi, anahuzunika tena. Ni kama haisi inayosubiri kujaa pale Buhongwa: abiria halalamiki kwamba gari limesimama, analalamika kwamba konda amemwambia "tunaondoka" mara kumi. Jordan anatuambia kila sura kwamba kazi ni ya haraka, mke yuko hatarini, kisha anafungua ukurasa wa magunia ya nafaka yenye wadudu. Asingetuharakisha, tungemvumilia.

Kikaongezeka kisa kingine kwenye mfululizo huohuo. Kitabu cha tisa, cha mwaka 2000, kinaishia na tukio kubwa mno, Rand, shujaa wa mfululizo, akisafisha nguvu ya uchawi iliyokuwa na sumu. Watu wakasubiri hadi Januari 2003 kujua kilichofuata. Kitabu cha kumi kikaja kikairudisha saa nyuma: wahusika wengine, mmoja baada ya mwingine, mahali mbalimbali, wanahisi kwa mbali kwamba kuna nguvu kubwa inatumika, wanajiuliza ni nini. Msomaji anajua ni nini tangu miaka miwili iliyopita! Kitabu hicho, Crossroads of Twilight, ndicho kinachotajwa kwanza kila mara mashabiki wa Jordan wanapozungumzia sehemu nzito ya kupanda.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wasomaji wa kwetu wanalijua bila kulisema. Wengi wa Mwanza waliosoma Jordan wamemsoma kwenye simu, mfululizo ukiwa umeshakamilika. Mwandishi alifariki 2007, Brandon Sanderson akaumalizia, na kitabu cha mwisho kikatoka 2013. Aliyeanza baada ya hapo anatoka kitabu cha nane hadi cha 11 kwa wiki chache za likizo. Kwake miaka saba ya Faile ni kurasa tu, nyingi, ndiyo, lakini kurasa. Ukimsikia anashangaa kwa nini wazee wa mfululizo huu wana hasira kiasi kile, si kwamba ana subira kuliko wao. Hakulipa gharama waliyolipa. Mwendo wa hadithi hauko kwenye maandishi peke yake, uko pia kwenye namna ilivyokufikia.

Wasomaji wa hadithi za kuendelea kwenye magazeti watanielewa upesi. Eric Shigongo, aliyekuja kuwa mbunge wa Buchosa, hukohuko upande wa Sengerema, mwaka 2020, aliwazoesha Watanzania wengi kusubiri toleo lijalo. Hadithi ya gazeti haina ruhusa ya kupoa, kwa sababu msomaji ananunua upya kila mara. Lazima kila kipande kiishie mahali pabaya: mlango umegongwa, simu imeita, mume amerudi kabla ya muda. Riwaya ya kurasa elfu moja imeshalipiwa yote siku ya kwanza, na mwandishi anajua hilo. Anaweza kukaa sura tatu akielezea karamu. Tamthilia ya runinga iko katikati, kila wiki inahitaji ndoano, lakini pia ina bajeti, na majoka ni ghali kuliko watu wawili wanaoongea chumbani.

Kwa nini basi hadithi hizi huanza na kasi na kupoa katikati? Hesabu watazamaji wake wa ndani. Kitabu cha kwanza cha Martin kinasimuliwa kupitia macho ya wahusika wanane, ukiacha utangulizi, na karibu wote ni wa nyumba moja au jirani yake. Cha tano kina 16, ukiacha mwanzo na hitimisho, waliotawanyika kuanzia ukutani kwenye barafu hadi Meereen. Kila mmoja anadai zamu yake. Hata kila sura ikiwa na tukio, mhusika unayempenda utamwona baada ya sura kumi, na utasema hadithi haiendi.

Halafu kuna pengo maarufu. Martin alikusudia kuruka miaka mitano baada ya kitabu cha tatu, watoto wakue, majoka wakue. Akajaribu, akaona inamlazimu aeleze yaliyopita kwa kukumbushana tu, akaachana na mpango huo. Miaka ile mitano iliyokuwa iwe nafasi tupu ikabidi ijazwe, na kitabu kilivyozidi kuwa kinene akakigawa kwa wahusika na mahali: cha nne Jon, Daenerys na Tyrion, vipenzi vya wasomaji, hawana sura zao, cha tano wanazo. Aliyekuwa anampenda Tyrion alimwacha mwaka 2000 na kumpata tena 2011. Juu ya hayo kuna lile Martin mwenyewe alilolipa jina, fundo la Meereen: watu wengi wanaelekea mji mmoja kwa nyakati tofauti, na kila anayefika mapema au kuchelewa anavuruga wenzake. Sehemu ya ufumbuzi wake ilikuwa kumwongeza msimuliaji mwingine, Ser Barristan. Kutatua tatizo la wasimuliaji wengi kwa kuongeza msimuliaji! Ufumbuzi ulifanya kazi, lakini unaona mtego ulivyo.

Baadhi ya mashabiki wamezipanga upya sura za vitabu hivyo viwili, cha nne na cha tano, zifuatane kwa wakati kana kwamba ni kitabu kimoja kikubwa. Maneno hayajabadilika hata moja. Hata hivyo wapo wanaosema kwa mpangilio huo Dorne na Visiwa vya Chuma haviwachoshi, kwa kuwa baada ya sura moja ya huko wanarudishwa kwa Jon au Tyrion. Naona huo ni ushahidi mzuri kuliko hoja ndefu.

HBO walikwenda upande wa pili. Sizoni sita za mwanzo zilikuwa na episodi kumi kila moja; ya saba ikawa na saba, ya nane sita. Sizoni ya saba, mwaka 2017, kundi la wanaume limezingirwa juu ya ziwa la barafu kaskazini. Mmoja wao, Gendry, anakimbia hadi ngomeni, kunguru anaruka hadi kisiwani kusini, Daenerys anapanda joka na kufika kuwaokoa, wao bado wamesimama palepale. Mwanzoni mwa hadithi hiyohiyo mfalme alitumia mwezi njiani kwenda Winterfell. Umbali ulikuwa sehemu ya hadithi, barua iliyochelewa iliweza kuua mtu, kisha umbali ukafutwa. Mwaka 2019, Daenerys alipouchoma mji, zaidi ya watu milioni moja wakatia saini zao mtandaoni kutaka sizoni ile itengenezwe upya. Wengi wao hawakatai kwamba angeweza kufikia pale. Wanasema hawakumwona akitembea kwenda pale.

Kwenye kibanda kimoja cha kujaza flashi huku Igoma nilimsikia mama mmoja, muuza mitumba, akiagiza. "Mwanangu, usiniwekee ile ya maneno mengi."

"Mama, hii ni ya DJ. Maneno mengi kayapunguza."

"Kama kapunguza na vita nakurudishia flashi yako."

"Vita viko vyote, mama. Tena kaviongezea sauti."

Mama huyo anajua anachotaka, na kijana anajua bidhaa yake. DJ ni mhariri, hata kama hajawahi kuitwa hivyo. Anatibu mwendo papo hapo. Gharama yake inakuja baadaye. Kwenye sizoni ya kwanza kuna mazungumzo ya barazani ambayo mtu yeyote angetamani kuyapita: taji lina deni la milioni sita, na nusu yake linadaiwa na Tywin Lannister. Hakuna upanga, hakuna damu, ni wazee mezani. Sizoni ya nne Stannis, mmoja wa wanaogombea taji, anakwenda kuomba mkopo Benki ya Chuma, ng'ambo ya bahari, na vita vinachukua sura nyingine. Aliyefupishiwa yale ya mezani anaona benki imeshuka kutoka mbinguni, na atakwambia kisa cha benki ni dhaifu. Kwenye nakala yake, ana haki.

Sasa nivuke maji hadi Ukerewe, kwa sababu kitabu kinachonisaidia zaidi kufikiria mambo haya hakina joka hata mmoja. Aniceti Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakichapa 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki 1981. Mashabiki wanaolalamika kwamba wanamsubiri Martin tangu 2011 wamfikirie mzee aliyesubiri miaka 35 kitabu chake kichapwe.

Ni kitabu kirefu na cha polepole kupita kiasi. Bugonoka hajapata mtoto, ndugu wa mumewe wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anatakiwa aende ukweni kwa adabu, na alipe faini ya pombe ya ndizi ndipo apewe mkewe. Basi mwandishi anakukalisha na pombe hiyo: ndizi zinakatwa, zinaivishwa, zinakamuliwa, zinachanganywa na unga, inasubiriwa ichachuke. Kila hatua, kila chombo, nani anashika nini. Kwa kipimo cha mtu wa Igoma, hapo ni pa kupeleka mbele.

Lakini angalia mahali ilipowekwa. Pombe ndiyo bei ya mke. Kila siku ndizi zinapokuwa bado hazijaiva ni siku ambayo Myombekere analala peke yake. Maelezo na swali vimefungwa pamoja, ukisoma kimoja umesoma kingine, na mwandishi hakuahidi kwamba tunaondoka sasa hivi. Perrin naye anamtafuta mkewe, naye anacheleweshwa na nafaka. Tofauti ni kwamba magunia yale yenye wadudu yangeweza kuwa ya mtu mwingine yeyote, kwenye kijiji kingine chochote. Kuna sehemu nyingine kwa Kitereza ambazo sizitetei hivyo. Zimewekwa ili mila za Wakerewe zisipotee, na hadithi inazisubiri zimalizike.

Kwa hiyo mtu akiniambia kisa fulani kimepoa, siku hizi nataka kwanza kujua alikipata wapi: kitabuni, kwenye flashi, au kwa DJ. Kisha nitauliza kama anataka kitolewe au kifupishwe, maana ni hukumu mbili. Dorne ya HBO ningeitoa. Faile ningemfupisha, vitabu vitatu viwe kimoja. Brienne ningemwacha alivyo, na watakaomruka wamruke.

Kesi ya Faile, hata hivyo, imebaki ya wasomaji peke yao. Amazon walianza kurusha tamthilia ya The Wheel of Time mwaka 2021, episodi nane kwa sizoni. Faile akatokea kwenye sizoni ya tatu, mwaka 2025, na Mei mwaka huohuo tamthilia ikafutwa. Kwenye flashi za Igoma hatatekwa kamwe.